Mistari Arobaini na Mmoja

Usiku ule wa Alhamisi, mwezi wa Novemba 1999, tulikaa ndani ya duka la Mbogo pale Mweiga tukingoja simu ilie. Tulikuwa mimi, mume wangu Wamae, na binti yetu Kabura. Mbogo alikuwa ameshafunga mlango wa mbele, lakini alituruhusu tubaki kwa sababu duka lake ndilo lililokuwa na simu, na kwa sababu Mbogo hapendi jambo litokee Mweiga bila yeye kulijua.

"Hiyo simu inatoka Ulaya?" aliuliza.

"Inatoka Kerugoya," Kabura akamjibu.

"Kerugoya tu? Na vile mumekaa, nilidhani ni Ulaya."

Hakukosea sana. Mpiga simu angekuwa Muchangi, kijana anayefanya kazi na Kabura kwa Daktari Kagwiria huko Kerugoya. Lakini habari yenyewe ilikuwa inatoka ng'ambo, kwa wakubwa wa mradi wao. Walikuwa wameahidi kujibu jioni ile kwa kompyuta, na jioni yao ni usiku wetu. Jibu lingesema kama Kabura ataendelea na kazi au atafukuzwa, kwa ajili ya kosa ambalo hakuna aliyeligundua ila yeye mwenyewe.

Simu ililia saa tatu na robo. Kabura aliishika kwa mikono miwili.

"Ndiyo. Ndiyo. Saa nne? Haya, asante."

Akaiweka chini. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Jibu limekuja," alisema. "Daktari amelisoma na hajasema kitu. Anataka nifike kesho saa nne."

"Hajasema kitu ni vizuri ama ni vibaya?" Wamae akauliza.

"Baba, hajasema kitu ni hajasema kitu."

Binti yangu ni wa namna hiyo. Tangu akiwa mdogo, ukimtuma akuletee kile kitu kule, atasimama mlangoni. "Kitu gani, mama? Kule wapi?" Nilikuwa naudhika, maana mtoto wa jirani angekuwa ameshaleta mwiko, sufuria na kibiriti, nichague mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1973, msichana wetu wa kwanza, na kwa desturi yetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Ndiyo maana ni Kabura. Na kwa kuwa amebeba jina la mama yake, Wamae humwita maitu, yaani mama yangu, tangu akiwa wa kunyonya. Mgeni akimsikia mzee wa ndevu akimwita msichana mama, hucheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Aliyepewa jina ni kama yule mwenyewe amerudi.

Na yule mwenyewe alikuwa mkunga. Mama mkwe wangu alipokea nusu ya watu wazima wa Mweiga kwa mikono yake, na hakuwahi kupoteza mama hata mmoja. Mtoto wangu alipozaliwa na vidole virefu, wanawake walivishika wakasema mkunga amekuja tena. Mimi niliamini. Nilimlea nikijua atakuwa nesi. Sikumwuliza. Ingekuwa kama kumwuliza kama atakuwa na meno.

Alipomaliza shule tukampeleka kwenye chuo cha wauguzi. Hiyo ilikuwa mwaka 1992. Mwezi wa pili akarudi na sanduku lake. Mara ya kwanza kuingia chumba cha kujifungulia alianguka, na mara ya pili pia, na mara ya tatu akajigonga kichwa kwenye kitanda. Alisimama jikoni akaniambia, "Mama, mimi si cucu." Cucu ni nyanya.

Niliona aibu mbele ya wanawake wa kanisa, ambao nilikuwa nimeshawaambia kila kitu. Kwa wiki nzima nilimpa binti yangu chakula bila kumwita jina. Wamae ndiye aliyemtafutia nafasi ya kujifunza kazi ya maabara, na baadaye Kabura akapata kazi ya kupima maziwa katika kiwanda kimoja. Huko hakuanguka. Maziwa, alisema, hayalii.

Mwanzoni mwa 1999 akaajiriwa na Daktari Kagwiria. Huyu ni mwanamke wa upande wa Meru, mfupi, wa kusema polepole, aliyesomea mambo ya mbegu hadi mwisho wa kusoma. Alikuwa amekodi vyumba viwili nyuma ya maduka huko Kerugoya, si mbali na mashamba ya mpunga ya Wang'uru, na kazi yake ilihusu mpunga. Lakini Kabura hakupanda wala hakuvuna. Alikuwa anasoma karatasi kutwa nzima na kuandika mistari kwenye kompyuta. Nilipata shida sana kuwaeleza watu mtoto wangu anafanya nini, kwa sababu hata mimi sikujua.

Siku moja ya mvua alikuja nyumbani, tukakaa jikoni tukichagua viazi, ndipo akatueleza.

"Baba, unakumbuka ile mbegu ya macho mekundu?"

Wamae akakunja uso. Alikumbuka vizuri. Kulikuwa na viazi vya mbegu huku Mweiga tulivyoviita vya Mwai, kwa sababu mtu anayeitwa Mwai ndiye aliyevileta. Vilioza shambani, Wamae akavitupa vyote. Kisha akasikia sifa za mbegu nyingine huko Karatina iitwayo macho mekundu. Akaenda, akanunua magunia, akapanda. Vilipochimbwa vilikuwa vile vile vya Mwai.

"Sasa," Kabura akasema, "watu wanaosoma ndani ya viumbe wako na shida kama hiyo. Ndani ya kila seli kuna jeni, na kila jeni iko na kazi. Mmoja anachunguza inzi, mwingine panya, mwingine hamira ya mkate. Wote wanaona kitu kimoja, lakini kila mmoja anakiita vile anataka. Ukitafuta kwa kompyuta, kompyuta haijui kuwa ya Mwai na ya macho mekundu ni kitu kimoja."

"Kwa hivyo mnafanya nini?"

"Wamekubaliana orodha ya maneno. Kila neno liko na maana moja imeandikwa, na nambari yake. Ukisema seli inatengeneza ukuta, kila mtu duniani atajua ni ukuta gani. Na kila neno liko chini ya neno kubwa, kama mtoto na mzazi. Lingine liko na wazazi wawili."

"Hata mimi niko na wazazi wawili," Wamae akasema.

"Mengine yako na watatu."

"Hayo ni ya Karatina."

Tukacheka, lakini mimi nilikuwa nasikiliza. Akasema kwamba kwa kila jeni ya mpunga anasoma karatasi za watafiti na kujibu mambo matatu kwa maneno ya ile orodha. Hii jeni mkono wake unafanya nini hasa? Iko katika shughuli gani kubwa? Na inafanyia kazi hiyo sehemu gani ya seli? Nikamwambia hiyo naelewa. Mkono wangu unakamua, shughuli ni kulisha nyumba hii, na mahali ni kwa ng'ombe.

"Ndiyo, mama. Lakini kuna la nne. Lazima uandike umejuaje. Kama mtu alijaribu akaona, unaandika imejaribiwa. Kama ni kukisia kwa sababu inafanana na nyingine, unaandika inafanana. Hapo umemaliza mstari mmoja."

Hilo la nne ndilo nililolipenda kuliko yote. Nilitamani wanawake wa kikundi chetu walazimishwe kufanya hivyo kila wakileta habari.

Mwezi wa Agosti alikuja na mfuko mzima wa karatasi. Mikataba yao yeye na Muchangi ilikuwa inaisha Desemba, na wakubwa wa ng'ambo wangeangalia kila mmoja ameandika mistari mingapi. Alikuwa anasoma hata akila. Nikamwuliza nini kinamchelewesha.

"Hii hapa," akasema. "Ni jeni ya mpunga, imepewa jina la jeni ya hamira. Ile ya hamira inajulikana, inapitisha sukari kuingia kwa seli. Hii ya mpunga sioni kama mtu ameijaribu."

"Si imepewa jina ya hiyo nyingine?"

"Imepewa."

"Basi ni hiyo hiyo. Kwani wewe ni nani wa baba yako?"

Na kabla hajajibu, Wamae akaita kutoka nje, "Maitu, chai iko?" Tukacheka mpaka karatasi zikaanguka. Nilizikusanya nikampa, naye akarudi kusoma. Sikufikiria tena jambo lile. Siku hizi nalifikiria.

Mwisho wa Septemba waliweka kazi yao yote kwenye disketi, ikatumwa ng'ambo kwa posta. Kabura alikuwa amefurahi na amekonda. Katikati ya Oktoba mwanafunzi mmoja akamwandikia Daktari Kagwiria kuuliza juu ya mstari mmoja, na Kabura akaenda kutafuta karatasi alikoutoa. Alipoisoma tena akaona kwamba jaribio lote lilifanywa kwa hamira. Hakuna mahali mpunga umeguswa. Lakini yeye alikuwa ameandika imejaribiwa. Akatazama mwingine. Ulikuwa vile vile. Alikaa siku mbili akirudia kila mstari aliouandika, na ile ya namna hiyo ilikuwa arobaini na mmoja. Kila mahali ambapo jeni ya mpunga ilibeba jina la nyingine, mkono wake ulikuwa umeipa kazi ya yule wa jina, kana kwamba ameiona kwa macho.

Jumamosi hiyo alikuja nyumbani na hakula. Nilingoja Wamae aende kwa ng'ombe nikamwuliza. Alinieleza yote.

"Na kazi hiyo haiwezi kuwa kweli?" nikasema. "Pengine inapitisha sukari kama hiyo nyingine."

"Pengine. Mara nyingi huwa hivyo. Lakini sikuandika pengine."

"Na nani ameona?"

"Hakuna."

Nitasema nilivyosema, ingawa sijivunii. Nilimwambia anyamaze. Nilimkumbusha Desemba. Nilimwambia watu wa ng'ambo wana mistari maelfu, na hii ni arobaini, na mwakani anaweza kurekebisha polepole bila kelele.

Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyofanya.

"Mama, mtu wa mbali atasoma mstari wangu. Ataona imejaribiwa, kwa hivyo yeye hatajaribu. Ataweka kwa kitabu yake. Mwingine atatoa kwa hiyo kitabu. Ikifika watu kumi, hakuna mtu atakumbuka ilitoka kwa Kabura wa Mweiga. Itakuwa tu inajulikana."

"Lakini kazi yako."

"Mimi pia nilikuwa ninajulikana ni nesi," akasema. "Hakuna mtu alinijaribu. Mliandika tu."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anatazama vidole vyake. Nilichukua karai nikaenda kutafuta maji ambayo hatukuyahitaji, na nilipokuwa bombani nilihesabu miaka. Saba. Katika miaka hiyo yote hatukuwa tumelitaja jambo la chuo.

Niliporudi nilimwuliza kitu kimoja tu. "Ni mimi nilikupotosha ile siku ya Agosti?"

"Mama, ulikuwa unacheka. Mimi ndiye nilikuwa kazini."

Hilo ndilo jibu alilonipa, na sijui kama ni lote.

Jumatatu alimpelekea Daktari Kagwiria ile mistari arobaini na mmoja, ameiandika kwa mkono katika daftari, kila mmoja na karatasi ulikotoka. Daktari aliisoma akiwa amesimama. Akamwambia atawaandikia wakubwa, na kwamba uamuzi si wake peke yake. Kisha zikapita wiki tatu, ndipo tukafika usiku ule wa duka la Mbogo.

Ijumaa asubuhi nilivaa koti la kanisani.

"Mama, unaenda wapi?" Kabura akauliza.

"Kerugoya."

"Niko na miaka ishirini na sita."

"Najua. Nilikuwepo."

Wamae alitusindikiza hadi barabarani na kumpa kifurushi cha viazi vya kuchemsha. "Maitu," akamwambia, "wakikufukuza, uje na hiyo daftari. Nitakupa shamba lote uniandikie ni viazi gani na nimejuaje." Kabura alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Tulibadilisha gari Nyeri na tena Karatina, tukafika kabla ya saa nne. Vyumba vyenyewe vilikuwa vidogo kuliko nilivyowaza. Katika cha kwanza kulikuwa na meza kubwa yenye kompyuta mpya, meza ndogo kando ya dirisha, na karatasi hadi juu. Cha pili ndicho ofisi ya Daktari. Kabura aligonga, akaingia, na mlango ukafungwa. Ulikuwa mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, na chini yake palikuwa na nafasi ya kidole, lakini sauti haikupita.

Muchangi alikuwa kwenye meza kubwa. Aliinuka akaniletea kiti na kikombe cha chai. Ni kijana mrefu wa Kirinyaga, mpole, mwenye kucha zilizotafunwa.

"Mama Kabura, usijali. Daktari si mkali."

"Jana ulipopiga simu, uso wake ulikuwaje?"

"Kama kawaida."

"Kawaida yake ni gani?"

"Kama jana," akasema, na wote wawili tukaona hatusaidiani.

Ikapita nusu saa. Nilimtazama Muchangi. Alikuwa ameweka karatasi mbele yake lakini hakuwa anageuza ukurasa. Nimelea watoto wanne na najua mtu asiyesoma akijifanya anasoma.

"Wewe uliandika mistari mingapi?" nikamwuliza.

"Kushinda Kabura. Karibu mara mbili."

"Hongera."

Akachukua kalamu akaiweka. "Mama, baada ya Kabura kupeleka hiyo daftari, hata mimi nilianza kuangalia yangu."

"Na?"

"Nimefika robo. Iko mingi."

"Mingi kuliko yake?"

"Imeshapita yake."

"Umemwambia Daktari?"

"Bado."

Nilikunywa chai. Ningeweza kumsema, lakini nilikumbuka nilichomshauri binti yangu pale jikoni, nikaona sina mdomo wa kumsema nao.

"Yeye alikuja nyumbani akakataa chakula," nikamwambia. "Na mimi nilimwambia anyamaze."

Muchangi akainua macho. "Wewe?"

"Mimi. Niliogopa Desemba."

"Hata mimi ni Desemba naogopa," akasema. "Niko na ndugu shuleni."

Saa ya ukutani ilisema saa tano, kisha tano na nusu. Nilijaribu kuomba, lakini maneno yalikuwa yanakuja ya kumwelekeza Mungu afanye nini, nikaacha. Nikawaza, akitoka analia nitasema nini. Akitoka halii nitasema nini. Niliamua kwamba vyovyote itakavyokuwa sitamwita mkunga, wala mtu yeyote asimwite hivyo mbele yangu tena.

Kisha kitasa kikazunguka.

Daktari Kagwiria alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa na daftari la Kabura mkononi, na ndani yake karatasi iliyochapishwa.

"Mama Kabura, karibu. Umepewa chai?"

"Nimepewa, Daktari."

Alinitazama usoni, nadhani akaona siwezi kungoja salamu nyingine, kwa sababu aliinua ile karatasi. "Wamesema hawajawahi kuletewa makosa yakiwa yamepangwa hivi. Wataitoa hiyo mistari kwanza, arekebishe, irudi. Na wamesema abaki." Kisha akamgeukia Muchangi, kwa sauti ile ile ya polepole. "Muchangi, hamia meza ya dirishani. Kabura atakaa kwa hii kubwa. Kuanzia leo hakuna disketi inatoka hapa kabla yeye hajaisoma."

Muchangi alisimama. Hakushika kitu chochote cha kuhamisha.

"Daktari, niko na kitu ya kusema."

"Kirefu?"

"Kirefu."

"Ingia basi."

Akaingia akiinama kidogo kwa ajili ya urefu wake, na Daktari akamfuata. Mlango hawakuufunga. Kwa ndani nilimwona Kabura akivua sweta lake na kulitundika nyuma ya kiti.